Vyakula vya Idi kwenye friza: kilichoharibika, kwa nini, na ufanyeje

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, simu yangu huanza kuita baada ya tarawehe. Mara wifi, mara shoga wa zamani, mara binti wa jirani aliyeolewa mwaka huu na tayari ametwishwa sambusa za ukoo mzima. Swali ni lilelile kwa sura tofauti: "Niligandisha vizuri, mbona imekuwa hivi?" Nami nimepikia Idi ya watu arobaini kwa friza moja kuukuu, na karibu kila kosa nitakalolitaja nimelifanya mwenyewe.

Jambo moja kabla hatujaanza. Friza hulaumiwa kwa makosa ambayo si yake. Mara nyingi chakula kiliharibika kabla hakijaingia humo, kwa sababu kiliingia cha moto au kiliingia na maji. Jiulize hayo mawili kwanza. Halafu pima baridi: friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, na friji isizidi nyuzi 4. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ni bei ndogo kuliko kilo mbili za nyama.

Sambusa zinapasuka kwenye karai

Hili ndilo linaloongoza. Wifi yangu hulisema kwa ufupi: "Wifi, sambusa zinalia." Mafuta yanarukaruka, manda (ile karatasi ya unga ya kufungia) inafunguka, kima kinatawanyika, na baada ya sambusa kumi mafuta yamekuwa meusi.

Mara nyingi kosa ni kima chenye maji. Weka kijiko cha kima kwenye kisahani, inamisha, subiri kidogo. Maji yakichuruzika, hakijawa tayari. Kirudishe jikoni bila mfuniko mpaka kilie kikavu kwenye sufuria, kisha kimwage kwenye sinia kipoe kabisa. Kitunguu kibichi na giligilani huingia mwisho, na kitunguu hicho kikamuliwe kwanza kwa kitambaa safi. Usipokikamua, maji yake yatatoka humo humo ndani ya manda.

Kinachofuata ni kufunga kima kikiwa vuguvugu. Mvuke hauna pa kwenda, unalowesha manda kwa ndani, unaganda, na siku ya kukaanga unakuwa maji. Kima kiwe baridi kweli, si "kimepoapoa".

Wengine huziyeyusha kabla ya kukaanga. Usifanye hivyo. Sambusa hutoka friza moja kwa moja hadi kwenye karai, chache kwa wakati, moto wa wastani. Ukizijaza, mafuta yanapoa ghafla na sambusa zinayanyonya. Ukizidisha moto, nje zinaungua na ndani unauma barafu. Kung'uta chembe za barafu kabla ya kuzitumbukiza, na mafuta yasivuke nusu ya karai. Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike karai kwa mfuniko au sinia. Usimwage maji, na usilibebe karai kulitoa nje.

Kwa nadra kosa huwa gundi. Uji wa ngano uwe mzito wa kushika kidole, na ubane ile pembe ya mwisho, maana ndiyo inayofunguka kwanza.

Na kama tayari una sambusa mia zenye maji na kesho ni Idi? Usizitupe. Zipake mafuta kwa brashi, oveni nyuzi 200, dakika 20 hadi 25, zigeuze katikati. Hazitakuwa zile za karai na mama mkwe atagundua, lakini zitafika mezani zikiwa nzima.

Sambusa zimegandana bonge moja

Zilitiwa mfukoni zikiwa laini. Zipange kwanza kwenye trei bila kugusana, ziache usiku kucha ziwe ngumu kama mawe, ndipo ziingie mfukoni. Bonge lililokwisha kuganda usilichokonoe kwa kisu. Liweke kwenye friji dakika kumi, zibandue taratibu kwa mikono zitaachana, na uzikaange hapo hapo.

Kababu ni vivyo hivyo. Katlesi nazo zigandishe bila yai, uzichovye kwenye yai siku ya kukaanga.

Nyama ina madoa meupe, makavu kama karatasi

Hiyo ni nyama iliyokaushwa na hewa ya baridi. Hajaugua mtu kwa hiyo, ila ladha imeondoka. Sababu karibu kila mara ni hewa iliyobaki mfukoni. Nyingine ni mfuko mwepesi, kisha nyama iliyokaa tangu Idi iliyopita mtu amesahau.

Kata sehemu zilizokauka, zilizobaki zipeleke kwenye mchuzi wenye viungo vya kutosha. Wala usizichome, zitakuwa kama soli.

Kutoa hewa hakuhitaji mashine. Tia nyama kwenye mfuko wa kuhifadhia chakula, uzamishe taratibu kwenye beseni la maji huku mdomo wa mfuko ukiwa juu. Maji yatausukuma mfuko uishike nyama pande zote, hewa itoke, nawe uufunge. Andika tarehe na jina. Bila jina, watoto watafungua kopo la aiskrimu wakute tangawizi iliyosagwa, nawe utasikia kilio mpaka jikoni.

Nyama yenye utelezi, au inayonuka ikishayeyuka, hilo ni jambo lingine. Hiyo inatupwa. Ndimu na kitunguu saumu vitaficha harufu tu, ubaya utabaki humo.

Tui limekatika

Tui likiganda, mafuta hujitenga na maji. Hilo ni la kawaida. Linuse kwanza: likiwa halina uchachu, lipige kwenye blenda kidogo, litie sufuriani moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka lianze kuchemka. Likiwa limechacha au linavutika, mwaga. Tui huharibika upesi sana kwa joto letu, kwa hiyo mara nyingi lililochacha lilisubiri kwenye bakuli mezani wakati wewe unakuna nazi nyingine. Kamua, gandisha, endelea.

Kama ni mchuzi mzima uliokatika, pengine ulichemshwa kwa moto mkali siku ya kuupasha, au ndimu au ukwaju viliingia mapema. Dawa ya mwakani ni kugandisha mchuzi bila tui zito. Mimi hugandisha tui bubu, yaani hilo zito, peke yake kwenye vile vitrei vya barafu, na kuku wa kupaka hupakwa siku hiyohiyo. Masala ya biriani yenye maziwa mgando hukatika kwa namna ileile, basi maziwa nayo yasubiri. Vitunguu vya kukaanga vya biriani vinaganda vizuri mno vikiwa peke yake. Hivyo ndivyo vinavyookoa muda kuliko kitu chochote, na kila mwaka hukaanga kilo tano kabla hata mfungo haujaanza.

Mbatata ndani ya mchuzi usigandishe, zitakuwa kama sifongo lenye maji. Mayai ya kuchemsha ute wake unakuwa mpira. Kachumbari sihitaji kuisema.

Pilau ni ngumu, kavu, au ina harufu

Hapa tukae kidogo.

Mwaka mmoja nilipika pilau usiku, kilo nne za mchele, nikaona nimewahi. Sufuria ilikuwa bado inatoa moshi nilipoishusha ndani ya friza na kufunga. Alfajiri nilizamisha mwiko. Pembeni chembe zilikuwa zimeshikana kwa barafu, na katikati wali ulikuwa na uvuguvugu wa maji ya kumwogeshea mtoto. Saa saba zilikuwa zimepita. Sambusa zilizokuwa zimeizunguka sufuria zilikuwa zimelainika, manda imeshika kwenye mfuko. Nilimwaga pilau yote, na nusu ya sambusa nayo. Mama alikaa kibarazani akitazama, hakusema neno.

Katika mchele mna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa muda mrefu, zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha mpaka chini kuungue. Ndiyo maana wali wa jana uliolala sufuriani unaweza kuwatapisha watu ingawa umechemka mbele ya macho yako.

Kwa hiyo, pilau yenye harufu isiyo yake, au iliyolala nje usiku, usionje. Itupe. Pilau iliyopozwa vizuri ikatoka ngumu na kavu haina ubaya wowote, ni wanga tu umekakamaa kwa baridi. Nyunyizia maji au supu kidogo, funika vizuri, ipashe kwa moto mdogo au palia makaa, mpaka mvuke utoke hata katikati. Pasha mara moja tu, na kitakachobaki mezani kisirudi friza.

Kupoza kwenyewe ni hivi: tandaza wali kwenye masinia, unene usizidi vidole viwili, upoe na uingie baridi ndani ya saa mbili. Siku za joto la kupita nyuzi 32, na Dar tunazijua, ni saa moja tu. Mchuzi mzito ugawe kwenye sufuria ndogo, uziweke kwenye beseni la maji ya barafu, ukoroge.

Ukiniuliza mimi, sigandishi pilau tena. Nagandisha vitu vyake: nyama iliyochemshwa pamoja na supu yake, vitunguu vilivyokwisha kuwa rangi ya kahawia, kitunguu saumu na tangawizi iliyosagwa. Asubuhi ya Idi nabakiwa na mchele tu. Watu wakirudi msikitini, wali unapaliwa.

Maandazi, mahamri na chapati zimekauka

Zilifungwa siku ya pili badala ya siku ileile, au zilipashwa bila kufunikwa. Zigandishe zikishapoa tu, chapati zikitenganishwa kwa karatasi. Maandazi yapashwe kwenye oveni yakiwa yamefunikwa kwa foili, chapati kwenye kikaango moto mdogo na kitambaa juu. Zikitoka zimelowa, basi zilifungwa zikiwa za moto.

Kuku ameiva nje, mfupani kuna damu

Chanzo kikubwa ni kuku aliyepikwa akiwa bado na barafu ndani. Sukuma kidole tumboni mwake kabla hujampika: ukigusa ubaridi mgumu, bado. Lakini pia kuku mchanga aliyegandishwa anaweza kuwa na wekundu kando ya mfupa hata akiwa ameiva, kwa sababu uboho hupenya wakati wa kuganda. Macho hayatoshi. Kipimajoto kikichomwa penye unene wa paja bila kugusa mfupa kisome nyuzi 74. Kama huna, mkate vipande, umrudishe kwenye mchuzi uchemke vizuri.

Mahali salama pa kuyeyushia ni ndani ya friji, rafu ya chini, kwenye bakuli lenye kina ili maji yake yasidondokee saladi. Kuku wa kilo mbili huchukua siku nzima, mchana na usiku. Kwa haraka, mzamishe kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko uliofungwa, ubadilishe maji kila nusu saa, na uhesabu kama saa moja kwa kila nusu kilo. Kumwacha kwenye sinki tangu daku mpaka adhuhuri ndiyo njia ya wengi, na ndiyo mbaya kuliko zote: juu anakuwa na joto la sebuleni wakati ndani bado ni jiwe.

Basi hapo inakuja taabu ya Idi yenyewe. Mwezi una siku 29 au 30, na hujui mpaka magharibi. Ukiyeyusha mapema, Idi ikasogea, una nyama mbichi mikononi. Ukichelewa, takbira zinapigwa na kuku ni jiwe. Mimi hufanya hivi: kuku mzima na paja la mbuzi hushuka kutoka friza kwenda friji jioni ya 28 Ramadhani, kabla ya kufuturu. Vipande na kima hushuka asubuhi ya 29. Sambusa hazigusi friji kabisa. Mwezi ukiandama, uko tayari. Usipoandama, usiku huohuo nachemsha kuku na kima pamoja na viungo vyake, vinapozwa, vinarudi friji. Vikishapikwa vinakaa siku tatu bila wasiwasi. Paja bichi la mbuzi linaweza kusubiri siku ya ziada humo friji.

Nyama iliyoyeyukia ndani ya friji unaweza hata kuirudisha friza, ingawa itapoteza maji na ulaini. Iliyoyeyukia nje ya friji kwa zaidi ya saa mbili, hapana.

Umeme umekatika

Usifungue. Friza iliyojaa na kufungwa huhifadhi baridi kama saa 48, yenye nusu ni kama 24, friji ya kawaida saa 4 tu. Friza yenye mpira uliochoka usiitegemee hivyo. Nafasi tupu zijaze chupa za plastiki za maji, zisijae hadi mdomoni, maana maji yakiganda yanatanuka. Chupa za kioo zinapasuka.

Na kama ulikuwa safarini? Kabla ya kuondoka, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukikuta sarafu juu, hakuna kilichoyeyuka. Ukiikuta chini kabisa, kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya, hata kama kwa macho friza inapendeza.

Umeme ukirudi, gusa kimoja kimoja. Chenye chembe za barafu, au chenye baridi ya friji, kipike au kigandishe tena. Nyama, kuku, samaki, tui na michuzi iliyopata joto kwa zaidi ya saa mbili vinatupwa. Maandazi na chapati huwa hazina neno. Kifaa cha kulinda friji kikichelewesha kuwasha dakika chache, kiache. Kinaipumzisha kompresa. Kuchomeka friza moja kwa moja ukutani kwa kukosa subira ndiko kunakoiua.

Friza haigandishi, au imejaa barafu kuta zote

Kabla hujamwita fundi, fikiria ulichoingiza. Friza ya lita 200 hugandisha vizuri kama kilo 7 hadi 10 za chakula kipya kwa siku. Idi ya kuchinja watu hushindilia kilo thelathini za nyama yenye joto la mwili, halafu hushangaa katikati kunanuka. Gawa, pozea kwenye friji, ingiza kwa zamu.

Kisha angalia mpira wa mlango. Bana karatasi mlangoni, funga, vuta. Ikitoka bila kukataa, osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana mara nyingi ni mafuta na makombo. Kisha angalia kama nyuma ya friza kuna nafasi ya hewa na kama vumbi halijaziba waya za nyuma. Barafu ikifika nusu sentimita, chomoa umeme, hamisha vyakula, weka beseni la maji ya moto ndani na ufunge.

Usikwangue kwa kisu. Ukitoboa ukuta utasikia sauti ya gesi, na friza nyingi za sasa hutumia gesi ya R600a ambayo hushika moto. Ikitokea, zima jiko, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote, toka, na hapo ni kazi ya fundi. Mwite pia kama friza inakupiga shoti, plagi inachemka au kunuka kuungua, kompresa inagonga na kuzima kila dakika chache, au saa 24 zimepita baada ya kusafisha na kupunguza mzigo na bado haigandishi. Shoti usiipime mara ya pili kuhakikisha.

Kila kitu kinanuka samaki

Samaki hajafungwa. Mfunge mara mbili, mweke chini.

Watu wameanza kuumwa tumbo

Acha kugawa chakula hicho, hata kama mgeni wa heshima bado hajala. Waliotapika au kuharisha wapewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yale ya duka la dawa, kidogokidogo na mara kwa mara. Nenda hospitali bila kusubiri ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikoruhusu hata maji, kizunguzungu, mkojo kukatika, kuona mawilimawili au ulimi kuwa mzito. Mtoto mdogo, mjamzito na mzee wasingojee dalili nyingi hivyo. Ukifika, mwambie daktari mlikula nini, mlikula saa ngapi, na nani wengine walikula sahani ileile.